Ukiweka LVM kwenye seva yako, usigawe diski yote siku ya kwanza

Wadau, kila nikifungua seva ya mtu huku Mbeya, iwe ya studio ya video Mwanjelwa au ya steshenari jirani na chuo, nakuta mambo yaleyale: diski imegawiwa yote siku ileile iliyofungwa. Huku mfumo umepewa chake, huku data imepewa yote iliyobaki, na mwenye mali anatembea kifua mbele kwamba nafasi ipo. Baadae upande mmoja unajaa, wa pili uko mweupe, ndo simu zinaanza, "fundi njoo uongeze". Ushauri wangu leo ni mmoja tu, ukitumia LVM, yaani ule mfumo wa Linux wa kuunga diski na kugawa nafasi yake, acha nafasi ambayo hujampa mtu.

Kwa ambaye hajawahi kuigusa, chukulia umenunua mchele wa Kyela madebe mawili, kila debe kwa mtu wake, ukafika nyumbani ukamimina kwenye gunia moja. Sasa hakuna anayeuliza punje hii ilitoka debe lipi, unapima tu kilo unazotaka. Debe ni PV, yaani diski yenyewe, gunia ni VG, yaani diski zilizounganishwa, na kile ulichopima ni LV, yaani kipande unachokitumia kama diski. Halafu juu ya LV ndo unafomati mfumo wa faili, ext4 au XFS, bila hivyo hakuna faili litakalokaa.

Kabla hujaandika amri yoyote, jua diski ni ipi. Majina kama sdb na sdc sio ya kudumu, ukihamisha waya au ukiongeza diski yanaweza kubadilishana, kwahiyo mimi huwa nafanya hivi:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL

Halafu nachukua tochi ya simu nasoma stika kwenye diski yenyewe, nalinganisha namba na ile ya kwenye skrini. Inachukua dakika mbili. Na diski zetu nyingi ni mtumba, mara nyingi zina vitu vya mtu wa zamani, so ukipiga pvcreate itakwambia imeona alama ya ext4 au ya kitu kingine na kukuuliza kama iifute. Watu wanabonyeza y kama wanakubali masharti ya apu ya simu, hawajasoma hata neno. Hapo simama kwanza, rudi kwenye stika.

Ukisharidhika, tuseme una diski mbili za 2TB (usishangae lsblk ikikuandikia 1.8T, kiwanda kinahesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa 1024, hujaibiwa):

pvcreate /dev/sdb /dev/sdc
vgcreate hifadhi /dev/sdb /dev/sdc
lvcreate --type raid1 -m 1 -L 1000G -n video hifadhi
mkfs.ext4 /dev/hifadhi/video

Nimeweka raid1 makusudi, yaani kila kitu kinaandikwa kwenye diski zote mbili. Ukiunga diski mbili kwenye VG moja bila hiyo, LV iliyotandazwa kwenye zote mbili inakufa nayo siku diski moja ikifa, yaani umejiongezea hatari badala ya kuipunguza. Kwa mtu wa studio hapo hakuna mjadala, bibi harusi hatavaa shela tena kisa diski yako imegoma, na sendofu nayo ilishapita. Na bado raid1 sio bakapu, ukifuta folda imefutika pande zote, kopi nyingine iwe kwenye diski ya nje inayokaa nyumba nyingine kabisa.

Sasa angalia, nimetoa 1000G tu na nafasi nyingine imebaki kwenye VG. Piga vgs uone safu ya VFree, hiyo ndo akiba yako. Studio ikijaa msimu wa harusi, mwezi wa 12 hivi, kazi ni mstari mmoja:

lvextend -r -L +200G /dev/hifadhi/video

Hiyo -r inakuza LV pamoja na ext4 iliyo juu yake, bila kuzima kitu, mhariri anaendelea kukata video zake wala hajui kama kuna kilichotokea. Kuna seva ya shule moja Iringa naiongezea nafasi nikiwa zangu Uyole na kikombe cha chai, nauli ya basi inabaki mfukoni. Kupunguza sasa ndo shughuli. Ext4 inapungua lakini lazima uishushe kwanza (umount), uikague na e2fsck, ndo upunguze, na wakati huo ofisi nzima imekaa inakutazama. XFS ndo kabisa, kwenye kazi za kawaida haipungui, unahamisha data, unafuta, unaanza upya. Ndo maana kwa wateja wadogo naweka ext4.

Hata snapshoti, yaani picha ya LV ilivyokuwa wakati huo ili uweze kurudi nyuma, inakula kwenye hiyohiyo akiba. Kabla ya kuapdeti mfumo wa hesabu wa mtu napiga snapshoti, nikiona mambo yako sawa naifuta siku hiyohiyo, maana ukiiacha inaendelea kujaa na ikijaa kabisa inakuwa haina maana tena. VG isiyo na nafasi, snapshoti ya kawaida utaiweka wapi?

Halafu kuna hili la Ubuntu Server. Mtu anainstoli kwenye diski ya 500GB, akiangalia nafasi kwa amri ya df anaona kama 98G tu, anakuja juu kwamba diski ni feki. Sio feki kaka, ukikubali LVM yake ya kawaida kwenye diski kubwa inaipa LV ya mfumo (root, /) 100G tu na inayobaki inaiacha kwenye VG. Waliotengeneza walifikiria vizuri, usikimbilie kuimaliza yote kwa lvextend ya 100%FREE kama unavyoelekezwa kwenye video za mtandaoni.

Kingine kidogo: ext4 inatenga 5% kwa ajili ya root, yaani mtumiaji mkuu wa mfumo. Kwenye LV ya 1000G hiyo ni 50G, na kwenye LV ya data tupu haina kazi kubwa, kwahiyo naishusha hadi 1%:

tune2fs -m 1 /dev/hifadhi/video

LV ya mfumo iache kama ilivyo.

Na kwenye /etc/fstab, faili linaloiambia seva ipandishe diski zipi ikiwaka, mstari wa LV ya data uongezee neno nofail. Umeme wa huku unajua mwenyewe, ukikatika na kurudi diski moja inaweza isiamke, na bila hilo neno seva inasubiri sekunde 90 halafu inaingia kwenye hali ya dharura, hata kuifikia kwa mbali huwezi, unapanda daladala kwenda kuchomeka kibodi. Ukimaliza kuandika piga findmnt --verify, halafu mount -a, ndo uiwashe upya ukiwa bado umekaa mbele yake.