Mume wangu anaona aibu nikitoa kuponi kaunta

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Tanga, sasa tunaishi Columbus, Ohio. Mwaka jana mwenzangu wa kazini alinifundisha kutumia kuponi za supamaketi, yaani karatasi za punguzo la bei. Nakata za magazetini, nabonyeza za kwenye simu, na nimenunua faili la kuzipangia. Mwezi uliopita risiti zangu zilionyesha nimeokoa dola 212. Zamani matumizi ya chakula na vitu vya nyumbani yalikuwa kama dola 640 kwa mwezi. Mwezi uliopita yalifika 705, ila bei nazo zimepanda. Tatizo ni mume wangu. Juzi keshia aliikataa kuponi yangu ya sabuni ya kufulia, akamwita meneja, watu wa nyuma wakaanza kuguna. Mume wangu akatoka, akaenda kukaa kwenye gari. Nyumbani akaniambia, "Hatukuja Marekani kuokota makaratasi." Siku hizi yeye na watoto wanakula sebuleni, maana meza nimeitandaza kuponi na hukaa hapo mpaka saa saba usiku. Naona hathamini jasho langu. Niache? Nakutumia picha za risiti, ile kuponi, rafu ya kornfleksi dukani na stoo yangu. — Mama wa Watatu*

Marahaba, mwanangu. Usiache. Lakini kuna mambo mawili nataka tuyatenganishe, kwa sababu kwenye barua yako yamefungwa fundo moja: aibu ya mumeo, na hiyo meza.

Nianze na aibu. Mumeo anadhani ukitoa kuponi unaomba kusaidiwa. Mweleze inavyokwenda. Kuponi ya kampuni iliyotengeneza bidhaa ikipokelewa, duka halipati hasara. Huipeleka kudai, na kampuni hulirudishia thamani yote iliyoandikwa, na kwa kawaida huongeza senti 8 za usumbufu. Kampuni nayo inajua inachokifanya. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1880, Coca-Cola walipokuwa wakigawa karatasi za glasi ya bure kule Atlanta, kuponi ni njia ya kumfanya mtu aonje, azoee, kisha kesho alipe bei kamili. Ni biashara baina yako na kampuni. Hakuna sadaka hapo.

Kisha mkumbushe kwao. Mtu wa Tanga anaingia soko la Mgandini, anaambiwa bei ya samaki, anatoa pesa papo hapo bila kusema "punguza kidogo"? Hata nyongeza asiulize? Kule kupatana bei ni heshima ya soko, na anayelipa bei ya kwanza huonekana mgeni. Columbus keshia hana mamlaka ya kupatana na mtu. Punguzo limeandikwa kwenye karatasi, na asiyeileta analipa bei ya mgeni. Mwambie maneno haya, tena mwambie kwa upole, maana mtu aliyeondoka kwao kutafuta maisha huumia haraka akihisi watu wanamtazama kama maskini. Kidonda hicho hakikuletwa na kuponi zako.

Nimeivuta karibu picha ya ile kuponi. Juu imeandikwa dola 2, kwa herufi kubwa. Chini, kwa maandishi ya kufumba macho, imesema chupa ya aunsi 50 au zaidi. Risiti yako inaonyesha ulichukua ya aunsi 40. Keshia hakukuonea, mwanangu. Soma mstari mdogo ukiwa bado kwenye rafu, chupa mkononi: ukubwa, aina, idadi, tarehe ya mwisho. Bidhaa moja haipokei kuponi mbili za kampuni. Baadhi ya maduka hukubali ya kampuni moja pamoja na ya duka moja. Za kwenye simu lazima uzibonyeze kabla ya kulipa, la sivyo hazihesabiki. Kuponi usiikopi kamwe, kwani huo ni wizi na watu wameshtakiwa kwa hilo. Ukifanya hivi foleni haitakuwa na sababu ya kuguna.

Sasa tuje kwenye hesabu, na hapa nitasema kweli hata kama itauma.

Hizo dola 212 sizioni. Zile risiti zinazokuambia umeokoa kiasi fulani zinahesabu punguzo la kila kitu ulichochukua, hata kile ambacho usingekinunua maishani. Kipimo chako ni kile ulichokiandika mwenyewe: 640, sasa 705. Bei zimepanda, sikatai. Lakini nimehesabu kwenye picha ya stoo chupa 31 za sosi ya saladi. Nyumba ya watu watano wa Tanga, chupa 31! Angalia pia risiti ya tarehe 9. Umechukua kornfleksi boksi mbili, dola 4.99 kila moja, kwa sababu kuponi ilikupa dola 1 ukinunua mbili. Umelipa 8.98. Kwenye picha yako ya dukani, rafu ya chini yake, kuna kornfleksi za chapa ya duka, ukubwa uleule, dola 2.50. Mbili zingekuwa dola 5. Kuponi ilikuokolea dola moja ikakugharimu karibu nne.

Anzia kwenye sufuria. Andika mnachokula kweli wiki nzima: wali, maharage, ugali, samaki, mchicha, chai. Utaona vingi havina kuponi. Mchele wa gunia, unga na dengu utavipata kwa nafuu kwenye maduka ya Wahindi na ya Waafrika bila karatasi yoyote. Mboga ni mara chache kuwa na kuponi. Supamaketi za Aldi za Marekani hawapokei kuponi za kampuni kabisa, ila bei zao mara nyingi ziko chini tangu mwanzo. Kama mnatumia kadi ya EBT, ile ya msaada wa chakula wa serikali, kuponi mnaruhusiwa sawa na mteja mwingine yeyote, na Ohio kuna mpango wa Produce Perks ambao kwenye masoko ya wakulima na maduka yanayoshiriki hukuongezea dola kwa kila dola ya matunda na mboga. Kwa familia inayopenda mchicha hilo linashinda faili zima la sosi.

Kuponi zinalipa kwenye vitu vya kiwandani ambavyo mngevinunua hata bila punguzo: nepi za huyo mdogo, dawa ya meno, sabuni ya kufulia, karatasi za chooni. Hapo kuwa mkali. Kuponi usiitumie siku uliyoipata. Ishike mpaka wiki ambayo duka lenyewe limeshusha bei ya kitu hicho, ndipo uitoe. Supamaketi ya Kroger hubadilisha ofa zake Jumatano, kwa hiyo Jumatano dakika 20 za simu zinatosha. Wana ofa za simu wanazoruhusu utumie mpaka mara 5 katika malipo mamoja. Hizo zifae nepi, zisifae sosi. Na kwenye lebo ya rafu, pembeni ya bei kubwa, kuna bei ndogo ya kila aunsi. Hiyo ndiyo ya kulinganisha.

Senti utakazookoa zihamishe siku hiyohiyo kwenye akaunti nyingine, hata kama ni dola 6. Zikibaki palepale zitaliwa, na mumeo ataendelea kuona makaratasi tu.

Nimebakiza meza. Umeitaja kwa kupita, katika sentensi moja, lakini mimi ndipo nilipokaa muda mrefu. Mumeo na wanao wanakula sebuleni. Wewe uko jikoni na mkasi mpaka saa saba usiku. Ninavyosikia mimi, huyo mwanamume alipotaja makaratasi hakuwa anayasema ya dukani peke yake. Anarudi kazini anakuta mahali pake pamekaliwa. Umefanya hivyo kwa kuwapenda, najua; unapigania dola za nyumba yako, na hakuna anayekushukuru. Muulize wazi: "Ni kaunta inayokuuma, au ni meza?" Halafu nyamaza umsikilize mpaka amalize.

Jumamosi hii beba chupa 28 za hiyo sosi uzipeleke kwenye ghala la chakula cha msaada la kanisa au la mtaa kabla hazijaharibika, na umwombe yeye ndiye aendeshe gari. Faili lirudi kwenye droo, na ndani zibaki kuponi za nepi, dawa ya meno na sabuni. Jioni tandika meza, pika samaki wa nazi, muite kila mtu kwa jina lake.

Baada ya miezi miwili niandikie tena. Usinitumie risiti zote. Nitumie jumla ya mwezi tu, na picha ya meza.