Jibu: Alama ya GPS ya mashua haikubaliani na ramani ya simu

Salaam ndugu yangu. Umesema GPS ya mashua inaonyesha mwamba uko 5°04.5' kusini, ukaandika -5.045 kwenye simu, na pini ikakaa kaskazini zaidi, kama kilomita tatu. Mashine yako ni nzima. Ile 04.5 ni dakika, na digrii moja ina dakika 60, si 100.

Gawa 4.5 kwa 60, unapata 0.075. Jumlisha na digrii: 5.075. Umepishana kwa digrii 0.03, yaani dakika 1.8. Kwa latitudo (kipimo cha kaskazini-kusini) dakika moja ni maili moja ya baharini, mita 1852, kwa hiyo ni kilomita 3.3 hivi. Ndiyo hizo tatu zako.

Ila kwanza kagua mashine imewekwa kuonyesha nini, maana mimi yako sijaiona. Sisi hapa Sahare, Tanga, tuliwahi kuandikiwa 04 30 kwenye karatasi, tukasoma dakika 4.30. Kumbe ni dakika 4 na sekunde 30, yaani 4.5. Madema tukayashusha mchangani, mita 370 nje ya mwamba, tukarudi na kaa wawili. Ukikuta sekunde, zigawe kwa 3600.

Longitudo (kipimo cha mashariki-magharibi) ifanyie vivyo hivyo. Halafu kwenye simu latitudo itangulize alama ya kutoa: -5.075. Tanga iko kusini mwa ikweta. Bila alama hiyo pini itatua Ethiopia, na huko samaki changu hupati.