Theluji Nawasamehe, Maneno Hapana

Swali la wiki liliuliza hivi: "Filamu za mapenzi za Krismasi zinazotengenezwa kwa ajili ya televisheni zote zinafanana. Je, hamjachoka nazo?"

Kuchoka ni shauri la kila mtu na rimoti yake. Ninalotaka kujibu ni lile lililojificha ndani ya swali: kufanana huko kunatoka wapi? Wanaozicheka huongea kana kwamba kuna mtu ameketi ofisini akaamua, kwa uvivu tu, kwamba kila mwaka dada wa mjini arudi kwao, amkute kaka wa shati la drafti, waoke biskuti pamoja, wabusiane dakika ya mwisho. Uvivu upo, nitaufikia. Lakini mkosaji wa kwanza ni kalenda.

Filamu ya aina hii hupigwa kwa takriban siku 15. Skripti ikiwa na kurasa 105, mnapaswa kumaliza kurasa 7 kwa siku. Filamu ya majumba ya sinema yenye bajeti ya kutosha hupiga mbili au tatu, na bado mwongozaji analalamika. Kwa kurasa 7 hakuna muda wa kujaribu pembe ya tano ya kamera. Mnapiga picha pana, uso wa huyu, uso wa yule, mnahama. Kisha kuna matangazo ya biashara. Filamu inajaza nafasi ya saa mbili hewani lakini yenyewe ina dakika 85 hivi, imekatwa vipande tisa, na kila kipande lazima kiishie na kitu cha kumzuia mtazamaji asihamie chaneli nyingine. Ndiyo maana wapenzi wakikaribia kubusiana simu inalia, au mtoto anaingia, au mbwa anaangusha mti. Matangazo yanasubiri, na busu likitoka kwenye kipande cha tano hakuna atakayengoja cha tisa.

Hallmark, ambayo ndiyo jina kubwa katika kazi hii, ilianza mwaka 1910 kama biashara ya kadi huko Kansas City, Marekani. Chaneli yake ilipewa jina hilo mwaka 2001, na msimu wake wa Krismasi wenye jina la Countdown to Christmas ulianza 2009. Siku hizi msimu huo unafunguliwa Oktoba, kabla hata Halloween haijapita. Filamu ya kurushwa Oktoba haiwezi kusubiri Desemba ipigwe. Kwa hiyo nyingi hupigwa majira ya kuchipua na ya joto, na hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza.

Chukua onyesho moja ambalo hata mtazamaji wa kupita njia analijua. Watu wa mji wamekusanyika uwanjani, meya anahesabu tatu, mbili, moja, taa za mti zinawaka, na wale wawili wanatazamana badala ya kuutazama mti. Kwenye skrini ni dakika chache. Sasa lipige mwishoni mwa Juni karibu na Vancouver. Huko ndiko nyingi hupigwa, kwa sababu serikali kuu ya Kanada hurudisha asilimia 16 ya mishahara inayolipwa wafanyakazi wa huko kama nafuu ya kodi, jimbo la British Columbia linaongeza ya kwake, na miji yake midogo inaweza kujifanya Vermont, jimbo la Marekani, bila kuulizwa kitambulisho.

Tatizo la kwanza ni jua. Siku hizo Vancouver jua huzama saa 3:20 usiku na kuchomoza saa 11 na dakika chache alfajiri. Taa za mti hazina maana mpaka giza likolee, yaani karibu saa 4 usiku, na ifikapo saa 10 na nusu anga limeshaanza kupauka. Mnabaki na saa sita, mtoe na muda wa kula. Mkikesha, kesho hamwezi kuanza asubuhi, kwa kuwa mikataba ya vyama vya wafanyakazi inalinda saa za mapumziko. Usiku mmoja unavuruga ratiba ya siku mbili. Mtayarishaji mwenye akili hatoi usiku mwingi wa namna hiyo. Matukio mengine ya usiku hupigwa ndani, mchana, madirisha yakiwa yamezibwa kwa vitambaa vyeusi.

Tatizo la pili ni theluji, nayo si kitu kimoja. Mbali na kamera, kwenye nyasi, hutandikwa mablanketi meupe ya polista. Kingo zake ndizo zinazosaliti: zisipofunikwa kwa chembechembe, zinaonekana kama shuka iliyoanguka kutoka kwenye kamba ya kuanikia. Karibu zaidi hupulizwa karatasi iliyosagwa, na maji kidogo ili ishike. Maji yakizidi, au mvua ikinyesha, inakuwa rojo la kijivu ambalo mtu atalikwangua kwenye kila ufa wa barabara kabla ya kuwarudishia wenyeji mji wao. Pale waigizaji wanapokanyaga, mwenye uwezo humwaga barafu iliyosagwa, maana hiyo inatoa mlio na alama halisi ya kiatu. Lakini lami iliyopigwa jua mchana kutwa bado ina moto usiku, na barafu inageuka dimbwi kabla mwongozaji hajaridhika.

Inayoanguka kutoka juu ni povu. Mashine yake inanguruma, kwa hiyo huwashwa kwenye picha pana, na wahusika wakianza kuzungumza kwa karibu inazimwa, au sauti zinarekodiwa upya studio. Kama umewahi kujiuliza kwa nini theluji inanyesha sana wakiwa mbali na inakoma wakianza kuambiana siri, jibu ni maikrofoni. Povu hilo likitua kwenye nywele linabaki juu kama lilivyo, na mtu wa nywele analifuta kati ya teki na teki, yaani kila onyesho linaporudiwa mbele ya kamera. Likitua barabarani ni utelezi mtupu.

Halafu kuna watu. Waigizaji wa ziada 40 wanatakiwa waonekane 200, basi wanasimama upande huu wakati wa uso wa dada, wanabadilishana skafu na kofia, wanahamishiwa upande wa pili wakati wa uso wa kaka. Tazama vizuri: yupo mmoja wa skafu nyekundu anayepita nyuma ya wapenzi kwenda kulia, kisha kwenda kulia tena, bila kuwahi kurudi. Chini ya koti zito mwigizaji mkuu amevaa fulana isiyo na mikono, na mara nyingine pakiti ya barafu inayotolewa sekunde chache kabla ya kamera kuwaka. Jasho la mdomo wa juu linafutwa na poda. Pumzi haitoi moshi, na kuuongeza kwa kompyuta ni gharama, basi hauongezwi. Miti yenye majani mabichi inafichwa kwa lenzi ndefu, inayofifisha vilivyo nyuma, au mbele yake linawekwa shada la misonobari. (Kikombe cha kahawa kisicho na kitu ndani ndicho kosa lisilo na udhuru. Tia maji tu, kifundo cha mkono kihisi uzito. Hayagharimu chochote.)

Nimekaa mno kwenye uwanja huo, najua. Nilitaka ionekane kwamba watu wanaofanya hayo yote kwa saa sita si wavivu.

Ila kikombe hicho ndicho kinachoniharibia utetezi. Kalenda inaeleza theluji, uwanja, nyuso mbili zinazopokezana na busu la mwisho. Haielezi kwa nini mchumba ambaye dada amemwacha mjini daima ni mtu wa kushika simu, asiye na hata sifa moja ya kumfanya mwanamke mwenye akili akubali pete yake. Haielezi kwa nini kipande cha nane lazima dada asikie nusu ya mazungumzo, akimbilie gari, aondoke bila kuuliza swali moja ambalo lingemaliza kila kitu. Mzazi aliyefariki kabla hadithi haijaanza, ambaye naye hakosekani, naelewa, ni huzuni isiyohitaji mwigizaji wa kulipwa. Lakini sentensi nzuri na sentensi mbovu zinapigwa kwa muda uleule, na hapo bajeti haina la kusema. Vipande tisa vinadai mvutano mahali fulani, havikudai mvutano wa kijinga.

Upande wa pili, Desemba 2017 Netflix iliwatania hadharani watu 53 waliokuwa wametazama filamu yake ya Krismasi kila siku kwa siku 18 mfululizo. Wengi walikasirika kwa sababu ya faragha, na walikuwa na haki. Mimi nilichokiona pale ni kwamba hakuna anayetazama filamu mara 18 ili ajue mwisho wake. Huenda inawaka pembeni huku mtu anafunga zawadi, na mchumba wa simu anafanya kazi yake bila kusumbua. Kwa mtazamaji huyo skripti kali ingekuwa kero.

Kwa hiyo siwezi kusema zibadilishwe, ingawa aya mbili zilizopita huko ndiko nilikokuwa naelekea. Mwenye kutaka bora kidogo achague ile yenye theluji chache na matukio mengi ya jikoni na sebuleni: mara nyingi, si kila mara, saa zilizookolewa uwanjani zimetumika kwa waigizaji, na wawili waliopata teki ya nne husikika. Isipokuwa kama imepigwa Februari kwenye theluji halisi. Hapo kanuni yangu haifanyi kazi, kwa sababu theluji hiyo huyeyuka kati ya Jumatatu na Jumanne, na utawaona wanaingia mlango mmoja kukiwa kweupe na kutoka mlango uleule kukiwa na matope.