Kuendesha nobu ya Drive kwa Arduino

Mkuu, umeuliza kama chipu ya MCP41100 (rezista inayobadilishwa kidijitali), ikiendeshwa na Arduino (bodi ndogo ya kompyuta unayoiprogramu), inaweza kushika nafasi ya nobu ya Drive, ile ya kuongeza mkwaruzo, kwenye pedali yako ya gitaa ya Tube Screamer. Mimi nisingeiweka. Ina ukinzani wa kilo-omu 100, nobu ile ni 500. Tena inavumilia volti 0 hadi 5 tu, na sauti ya pedali inapanda na kushuka kuzunguka volti 4.5, hivyo vilele vya mawimbi ya sauti vitakatwa vibaya.

Tumia LED (taa ndogo) na LDR (rezista ambayo ukinzani wake hubadilika kwa mwanga), zikitazamana ndani ya mrija wa mpira mweusi usiopitisha mwanga. Arduino inawasha LED, sauti inapita kwenye LDR, umeme wao haukutani. PWM ya hezi 490, yaani mapigo ya kuwasha na kuzima ambayo Arduino hutumia kupunguza mwanga, huvuma kwenye spika. Ichuje kwa rezista ya kilo-omu 10 na kapasita ya mikrofaradi 10, kisha transista iwashe LED. LDR hazifanani hata za pakiti moja, kwa hiyo pima kwa mita kabla ya kulehemu.