Mjibu mwenye nyumba kwa maandishi kabla mwezi haujakwisha

Dada, ukikaa "uone atafanya nini" kama ulivyoandika, nakuhakikishia kwamba mwenye nyumba hatafanya lolote, kwa sababu hatahitaji kufanya lolote. Kimya chako kitamfanyia kazi yote. Umetueleza kwamba una miaka 66, kwamba umeuza vitenge katika duka hilo hilo la Malindi kwa miaka 19 bila mkataba wa maandishi, na kwamba tarehe 20 Juni uliletewa notisi ya kupandisha kodi kutoka shilingi 14,000 hadi 25,000 kuanzia tarehe 1 Septemba, tena ilipwe kwa miezi mitatu mitatu badala ya kila mwezi. Umeuliza pia kama umri wako una uzito wowote. Ninaanza na notisi, kwa kuwa ndiyo iliyonitafuna mimi.

Mimi ni fundi wa nguo, nina miaka 71, na chumba changu cha kushonea hapa Mombasa nimekipanga tangu 1998. Miaka michache iliyopita nilikabidhiwa notisi kama yako: kodi ipande kutoka 15,000 hadi 27,000 baada ya miezi mitatu. Niliikunja mara nne nikaitia katika droo ya cherehani, pamoja na sindano zilizovunjika na vifungo visivyo na wenzake, na humo ikakaa. Nilifanya hivyo kwa sababu palikuwa na bwana mmoja wa baraza la kahawa mtaani, aliyewahi kuwa karani wa wakili zamani, akaniambia, "Ukijibu, umekubali. Karatasi isiyo na muhuri wa mahakama ni ya kufungia bajia." Aliyasema hayo kwa utulivu wa mtu asiyelipa kodi, kwani yeye anaishi katika nyumba ya urithi.

Sheria yenyewe, Sura ya 301 ya Sheria za Kenya, inayohusu wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, iliyoanza mwaka 1965, inasema kinyume chake. Mpangaji wa duka, hoteli au mkahawa asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano, analindwa: mwenye nyumba hawezi kumbadilishia kodi wala sharti jingine ila kwa notisi iliyo katika fomu iliyowekwa, yenye kutaja sababu, na isiyoanza kufanya kazi kabla ya kupita miezi miwili tangu ipokelewe. Hadi hapo utajiona uko salama. Lakini sheria hiyo hiyo inakutaka nawe umjibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja kwamba hukubali, kisha upeleke shauri mbele ya Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya tarehe ya notisi kufika. Usipofanya hivyo notisi inashika, hata kama hukutia sahihi popote.

Mimi niliendelea kutuma 15,000 zangu kwa M-Pesa kila tarehe 5, nikidhani kwamba kupokelewa kwake ni ushindi. Mwenye nyumba hakugomba wala hakutuma dalali. Hata salamu za Idi aliniletea. Baada ya miezi 11 alikuja na hesabu yake: 12,000 mara 11, yaani 132,000. Hapo ndipo nilipokimbilia Baraza. Nafasi ya kupeleka shauri baada ya muda kupita ipo, mradi uwe na sababu ya kutosha. Nilipoulizwa sababu yangu, nilisikia mdomo wangu ukisema kwamba niliambiwa barazani. Nisingependa kueleza jinsi wakili wa upande wa pili alivyokohoa. Kwa miaka 40 nimepima viuno vya watu bila kukosea nusu inchi, na siku 30 zikanishinda kuhesabu. Niliuza mashine ya overloki, ile iliyokuwa ikinipatia kazi ya sare za shule kila Januari, na hata hivyo deni halikwisha hadi mwaka uliofuata. Yule bwana nilimkuta palepale kwenye baraza la kahawa, akanieleza kwamba alikuwa amemaanisha notisi isiyo katika fomu sahihi. Ni kweli kwamba notisi ya namna hiyo hubatilika, lakini anayetamka kwamba imebatilika ni Baraza, si mtu aliyeshika kikombe cha kahawa. Na yangu, kwa taarifa yake, ilikuwa katika fomu.

Kuhusu umri, Ibara ya 57 ya Katiba ya 2010 inawapa wazee haki ya kuishi kwa staha na heshima, lakini Sura ya 301 haina kifungu kinachomwongezea mzee hata siku moja ya kujibu. Mvi zangu zilinipatia kiti katika chumba cha kusubiri, basi.

Kwa hiyo andika kwamba umepokea notisi yake ya tarehe fulani, na kwamba hukubali kubadilishiwa kodi wala utaratibu wa malipo. Hilo la miezi mitatu mitatu litaje waziwazi, maana nalo ni sharti. Toa nakala mbili, yeye atie sahihi katika moja ubaki nayo. Akikataa, itume kwa posta ya rejista na uihifadhi risiti. Kisha peleka shauri. Ukilipeleka kwa wakati, notisi haina nguvu hadi Baraza liamue, nawe utaendelea kulipa 14,000 zako bila kuchelewa hata siku moja, wala hawezi kukukamatia vitenge kwa madai ya kodi bila ruhusa ya Baraza. Ukiona notisi yake ina kasoro, jibu. Akikuambia kwa upole, "Mama, sisi tutaelewana," jibu kwanza, kisha muelewane.

Leo ni tarehe 12 Julai, na mwezi wako unakwisha tarehe 20. Kesho usifungue duka kabla hujapita kwa mchapaji.