Mvuke upo, kwa nini turbini haifunguliwi?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Niko mafunzo kwa vitendo kwenye kituo cha umeme kinachotumia gesi na mvuke kwa pamoja. Baada ya matengenezo marefu, mtambo wa gesi uliingia kwenye gridi ndani ya nusu saa. Wa mvuke ulichukua karibu zamu nzima, na muda wote huo mvuke ulikuwa ukipelekwa kwenye kondensa, chombo cha kuupoza. Kwa nini wasiufungulie tu?

JIBU: Marahaba. Mvuke ulikuwepo, ila chuma kilikuwa bado, na kwenye turbini ya mvuke chuma ndicho hupanga ratiba.

Rota, yaani mhimili unaozunguka ndani ya turbini, ni pande nene la chuma. Ukiipiga ghafla mvuke wa nyuzi 500 ikiwa imepoa, sehemu ya nje hutanuka huku kiini kikiwa baridi. Madhara hayaonekani siku hiyo. Hujikusanya kila mnapowasha kwa pupa, mpaka ufa utokee. Isitoshe, rota hupata moto upesi kuliko kasha lake, kwa hiyo hurefuka kabla kasha halijarefuka. Nafasi kati ya mapanga yanayozunguka na sehemu zilizotulia ni milimita chache tu. Vikisuguana kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, mtambo umeharibika.

Ndiyo maana mfumo wa udhibiti husoma kwanza joto la chuma, ndipo uamue kasi ya kuwasha. Mtambo uliozimwa usiku mmoja huwahi kurudi; uliopoa kabisa hudai saa kadhaa. Waombe wakufungulie ukurasa wenye joto la mvuke na joto la chuma. Utaona mtambo wa gesi umeshikiliwa kwenye mzigo mdogo makusudi, ili moshi wake, ambao ndio huchemsha maji ya boila, usiufanye mvuke uwe moto kupita chuma kinavyoweza kuhimili. Utaona pia mizunguko ikipanda, ikisimama chuma kipate joto, kisha ikipanda tena. Mvuke unaopita vali ya mchepuko, yaani njia ya kuikwepa turbini, haupotei: kondensa huugeuza maji, yakarudi boila.

Jenereta ni hatua fupi: volti, hezi 50 na mpangilio wa fezi vikilingana na gridi, swichi inafungwa na jenereta inaungwa kwenye gridi. Baada ya hapo turbini ya mvuke kwa kawaida humfuata mwenzake wa gesi, ikipokea chochote boila inachotoa.

Kituo cha Kinyerezi II, Dar es Salaam, yenye megawati 240, ina mitambo sita ya gesi na miwili ya mvuke. Kwa mpangilio wa namna hiyo, gesi huanza kulisha gridi wakati mvuke ukijiandaa, kwa hiyo subira hiyo haiwaachi watu gizani.

Mkizima, rota huendelea kuzungushwa polepole kwa saa nyingi isije ikapinda kwa uzito wake na kwa kupoa upande mmoja. Kabla ya kuwasha tena, tazama kipimo cha kupinda. Kikizidi kikomo, msiwashe, hata gridi iwe na upungufu kiasi gani.