Uliza Anko: Hivi 'went' imetoka wapi?

SWALI: Shikamoo Anko. Mtoto wangu wa darasa la nne kaandika 'goed' kwenye daftari la Kiingereza, ticha kampiga kosa. Karudi nyumbani ananiuliza mbona 'walk' inakuwa 'walked' halafu 'go' inageuka 'went', nikamwambia we kariri tu, ila na mimi nimebaki najiuliza. Mama Wawili, Morogoro.

JIBU: Marahaba mama. Kichwa cha mwanao kiko sawa, kafuata kanuni aliyofundishwa, wenye matatizo ni Waingereza.

Iko hivi, 'went' sio ya 'go', ni ya kuazima. Kulikuwa na kitenzi kingine, 'wend', zamani sana kilimaanisha kugeuka, baadae kikawa kushika njia na kwenda, na past yake ndo hiyo 'went', kama 'send' inavyotoa 'sent' na 'spend' inatoa 'spent', umeona eeh? Sasa 'go' kwenye Kiingereza cha kale ilikuwa inatumia 'eode', ambayo nayo haifanani na 'go' hata kidogo, yani huyu tangu zamani anavaa nguo za watu. Kufika karne ya 15 huko kusini mwa Uingereza 'eode' ishachoka, 'went' ikakaa kwenye kiti chake mpaka leo. Na 'wend' aliyeporwa past yake? Wakamtengenezea 'wended', ila siku hizi kumsikia ni kwa nadra mno.

Kinachonifurahisha mimi ni Scotland, wale walisema 'gaed', ambayo ukiiangalia ni 'goed' ya mwanao kwa lafudhi yao, so angezaliwa huko enzi hizo angekula tiki safi kabisa.

Na tusiwacheke sana. Kitenzi ni kuja, ila ukimwita mtu husemi 'ja hapa', unasema njoo, na hakuna anayeshtuka. Au hiyo 'ta' ya nitakula, asili yake ni 'taka', ndo maana inachomoza tena kwenye 'atakayekuja'. Wao kwa mambo ya kesho wamechukua 'go', mtu kakaa kwenye kiti hasogei popote anakwambia 'I'm going to eat', sisi tukachukua kutaka.

Kwa mtihani sasa, mwandikie kwenye karatasi moja send sent, spend spent, bend bent, halafu chini wend went. Akishaiona hiyo foleni hata kukariri hatakariri.